Mahenge: Mto, Moto na Kifafa

Mahenge ni mji mdogo juu ya milima, katika Wilaya ya Ulanga, Mkoa wa Morogoro. Ukitoka Ifakara unavuka Mto Kilombero. Zamani watu walivuka kwa kivuko. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Unapita mashamba ya mpunga mpaka Lupiro, kisha barabara inaanza kupanda na hewa inakuwa baridi. Watu wanalima mahindi na mihogo hata kwenye miteremko mikali. Sisi Mabwana Shamba hatupendi kilimo hicho kama hakuna matuta.

Mito ya huku inapendeza. Maji ya Luli na Mzelezi hayatulii. Yanashuka kwa kasi na kupiga mawe. Mkulima akiona maji hayo hufikiria bustani. Lakini maji hayo ndiyo makazi ya nzi mdogo mweusi aitwaye usubi. Mbu wengi hupenda maji yaliyotuama. Usubi hupenda maji yanayokimbia. Huuma mchana, wakati watu wako shambani. Akimwuma mgonjwa na baadaye akamwuma mtu mzima wa afya, humwambukiza minyoo midogo sana. Minyoo hiyo huwasha ngozi, na baada ya miaka mingi huweza kupofusha macho.

Mahenge pia kuna kifafa kingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa hapa. Alikuta wengi wametengwa. Walikula peke yao na kulala peke yao. Aliwapa vidonge, na wengi wakapata nafuu. Mwaka 2017 watafiti walipita katika vijiji vinne. Walikuta watu kama 2 au 3 katika kila 100 wana kifafa. Vijiji vya mashambani, ambako usubi ni mwingi zaidi, vilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vijiji vya karibu na mji. Wataalamu wanaona kuwa minyoo ya usubi inahusika.

Watoto wengine huanza kwa kusinzia kichwa. Mtoto anakula, mara kichwa kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka. Mzazi hudhani ni usingizi au uvivu, akamgombeza. Mtoto huyo apelekwe kwa mganga wa zahanati.

Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa wa usubi. Mgawa dawa wa kijiji huja na fimbo ndefu yenye alama. Unasimama kando ya fimbo, na urefu wako unaonyesha idadi ya vidonge. Wengine husema, "Mimi siumwi," wakakataa. Lakini minyoo mikubwa huishi mwilini miaka mingi, hivyo dawa humezwa kila inapogawiwa. Dawa hiyo haitibu kifafa. Kifafa kina vidonge vyake.

Nilipotembelea nyumba za huko, kilichonishtua zaidi ni makovu ya moto. Mama mmoja, mkulima hodari wa maharagwe, vidole vyake viwili vimeshikana. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Bwana Shamba, nilikuwa napika," alisema. "Nikaangukia mafiga. Watu walikuwapo uani. Waliogopa povu. Shemeji yangu ndiye aliyekuja kunivuta."

Fikiri muda ule, toka alipoanguka mpaka shemeji alipofika. Si kifafa kilichounguza mkono ule. Ni moto, na ni watu kuogopa mate. Maana povu lile ni mate tu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa kushikana, wala kwa kula sahani moja.

Basi ukimwona mtu ameanguka kwa kifafa, kwanza mwondoe motoni au majini. Weka nguo laini chini ya kichwa chake. Mlegezee nguo za shingoni. Usimkandamize. Usimtie kijiko mdomoni, wala maji, wala dawa. Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka azinduke. Ikipita dakika 5 bila mtetemeko kukoma, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpelekeni hospitali upesi.

Yule mama sasa anapikia jiko la udongo lililojengwa juu, lenye ukuta pande zote. Udongo wa kichuguu na majani makavu vilitosha. Jiko hilo linakula kuni kidogo pia, kwa hiyo jirani zake wawili wamejenga kama lake. Mtoni haendi peke yake. Shambani analima pamoja na wenzake, na mistari yake ya maharagwe imenyooka kuliko ya wengi.

Vidonge vyake anavimeza kila siku. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mgonjwa akikaa miezi kadhaa bila kuanguka, ndugu humwambia amepona, aache. Kuacha ghafla ni hatari, kwani kifafa huweza kurudi kwa nguvu na hata kuua. Mganga peke yake ndiye anayesema dawa ipunguzwe lini. Tena usingoje kidonge cha mwisho. Zahanati huweza kuishiwa. Yule mama huhesabu vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya wiki mbili, anaanza safari ya kwenda kuchukua vingine.