Nguzo za City Road

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuwatembeza wageni katika Wesley's Chapel, kanisa la Kimethodisti lililoko City Road, London. Nimelelewa Meru, Kenya. Wamethodisti wa kwetu wakifika hapa, wengi huingia kwa kunyata, wakiona wamekuja kutazama mali ya Waingereza. Hao huwapeleka kwanza kwenye nguzo.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliweka jiwe la msingi Aprili 1777. Kwa karibu miaka 40 watu wake walikuwa wakisali jirani na hapo, katika jengo kuukuu lililowahi kuwa kiwanda cha mizinga. Ili ajenge, aliwaomba Wamethodisti wa kila pembe ya nchi wachange. Kanisa likafunguliwa tarehe 1 Novemba 1778, roshani yake ikibebwa na milingoti ya meli kutoka karakana ya meli ya Deptford, zawadi ya Mfalme George III.

Nguzo anazoziona mgeni leo si milingoti ile. Mwaka 1891, ilipotimia miaka 100 tangu Wesley afariki, ziliwekwa hizi za mawe ya yaspi, nazo zilitolewa na makanisa ya Kimethodisti ya ng'ambo. Miaka ya 1970 jengo lilikuwa hatari hata likafungwa. Wamethodisti wa nchi nyingi wakachanga tena, na tarehe 1 Novemba 1978, miaka 200 kamili tangu lifunguliwe, likafunguliwa upya mbele ya Malkia Elizabeth II.

Serikali imeliorodhesha katika daraja la juu kabisa la majengo ya urithi. Hatua hiyo inazuia mtu asilibomoe, lakini haiezeki paa. Lililolisimamisha ni harambee, tena ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kulitia machoni.

Kisha tunakwenda nyumba ya pembeni, alikofia Wesley tarehe 2 Machi 1791. Siku sita kabla, alimwandikia mbunge William Wilberforce akimtia moyo asiache kupigana na utumwa. Hapo ndipo ninapokaa sana na watu wangu. Wamisionari wa Kimethodisti walipofika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, biashara ya watumwa ilikuwa bado hai katika pwani yetu. Barua ile ilituhusu.

Ndiyo maana siwaruhusu waondoke na picha tu. Huwaomba waketi, wasali, kisha waulize nani leo, Meru au London, anafanyishwa kazi bila uhuru. Aliyerithi nyumba hii amerithi na vita vyake.