Ubuyu Umekukosea Nini, Mwalimu?

Kuna mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Dar, siku hiyo kaamka na lake: kuanzia Jumatatu ni marufuku kuuza soda, barafu za rangi, ubuyu na chipsi getini. Wazazi kwenye grupu la WhatsApp wakashangilia. Mama mmoja aliyekaa na beseni lake pale getini miaka na miaka, akasomesha watoto wawili kwa hela hiyohiyo, hakuulizwa.

Ukweli usemwe, mwalimu ana hoja. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku. Kwa mtoto wa darasa la pili, chupa moja tu imeshakaribia kumaliza hesabu.

Kilichofuata unakijua. Watoto wakahamia kwa Mangi, ng'ambo ya barabara. Soda zilezile, sasa na bodaboda za kukwepa juu. Kantini ya ndani nayo ikaendelea na maandazi na juisi za boksi, maana mwenye kantini ni mke wa mtu. Hayo tuyaache.

Wiki ya pili mama akaingia ofisini. Mwalimu, ambaye kwake ni kijana tu, akatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hivi ubuyu umekukosea nini?"

Swali la maana sana hilo. Unga wa ubuyu una vitamini C na kalsiamu. Ubaya unaanzia jikoni, pale unapopikwa na sukari na rangi mpaka mtoto anatoka na mdomo kama kapaka lipstiki.

Wakayajenga. Mama karudi getini na juisi ya ubuyu yenye sukari kidogo, ndizi, matikiti ya vipande kwenye ndoo yenye mfuniko, na mihogo ya kuchemsha badala ya kukaanga. Kila kitu shilingi 200, maana mtoto mwenye 500 hanunui tofaa la 1,000 hata umhubirie.

Ndizi zinaisha mapema. Juisi inasuasua ila inatoka. Mihogo ndiyo inarudi nyumbani karibu yote, watoto wanaiita chakula cha wagonjwa. Juzi mama kaanza kuikamulia ndimu na kuipaka chachandu.

Na Mangi? Kaongeza friji la pili.