Kutoka Kwenye Televisheni Hadi Kwenye Mikorosho

Sisi ni mume na mke, na kwa miaka 11 tulikula jasho la kazi ya habari. Mmoja wetu alisoma taarifa ya habari katika kituo kimoja cha televisheni jijini Dar es Salaam, mwingine alikuwa mpiga picha. Saa mbili usiku familia nyingi zilipokaa pamoja sebuleni, yetu haikukaa. Watoto walilazwa na dada wa kazi, nasi tuliwakuta usingizini.

Mwishoni mwa mwaka 2016 mikataba yetu ilikwisha, nayo haikuongezwa. Miezi mitano tulibisha hodi huku na huko. Ndipo mama alipotuma ujumbe kutoka Ruponda, Nachingwea: baba hajiwezi tena, na mikorosho imezidiwa na magugu.

Tulibishana sana. Mmoja wetu alitaka turudi, mwingine aliona aibu. Waliozoea kutuona kwenye luninga watasemaje wakituona na jembe? Mwisho tulikubaliana kwamba aibu hailipi kodi ya nyumba.

Tulifika na kiburi. Tulidhani mtu aliyezoea kuwahoji mawaziri hawezi kushindwa na mti. Mama alituhimiza tupulize salfa mapema, maua yanapochomoza. Tukasema, "Wiki ijayo, mama." Ubwiriunga haukungoja wiki ijayo. Tungalikumbuka historia ya hapa hapa Nachingwea: Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta mengi, lakini mwaka 1951 ukavunjika, kwa kuwa hawakuwa wameujua udongo wala mvua.

Mara shule ikadai ada. Akaja mnunuzi wa kangomba, fedha mkononi. Kangomba ni kuuza korosho kwa bakuli, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, na ni kinyume cha sheria. Habari hiyo tuliwahi kuipiga picha na kuisoma, tukiwashangaa wakulima wanaokubali. Usiku ule hatukushangaa tena. Tuliuza. Msimu ulipofika, majirani walipeleka korosho zao chama cha msingi, zikapimwa kwa mizani na kuuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Chache tulizovuna sisi zilikwisha kuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo tulipojifunza kuuliza, kazi tuliyodhani tunaijua. Zamani tuliuliza ili tutangaze. Sasa tuliuliza ili tutende. Tarehe za mvua, maua na salfa tuliziandika katika daftari, na tukaziheshimu kama tulivyoiheshimu saa ya habari. Msimu wa pili hatukuuza hata bakuli moja.

Siku hizi majirani huja barazani kwetu kusomewa matangazo ya mnada wa RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Msomaji ni yule yule wa televisheni, ila wasikilizaji wa hapa humkatiza na kumwuliza maswali.

Si kila anayeacha habari hushika jembe. Zuhura Yunus, aliyekuwa mtangazaji wa Dira ya Dunia ya BBC, aliondoka huko mwaka 2022 akawa Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais, Ikulu. Kila mtu na mlango wake.

Mama mwenzetu, baba mwenzetu, kama kazi yako inakaribia kwisha, kaeni wawili mhesabu madeni kabla ya kufunga mizigo. Tengeni ada ya watoto kwanza, maana dhiki ya ada ndiyo iliyotufikisha kwa mnunuzi wa bakuli. Kisha waulizeni walio katika kazi hiyo mpya, na mkiambiwa "leo", msiseme "wiki ijayo".

Saa mbili usiku sasa hutukuta jamvini, sote, tukila ugali kwa kisamvu. Habari tunazisikiliza baada ya kula.