Skuli, Shule na Hela: Kuijua Ujerumani Kutokea Tabora

Huku kwetu visiwani mtoto huenda skuli. Akivuka bahari akafika bara, mtoto yule yule huenda shule. Mkononi mwake sisi humtilia pesa, na kule humpa hela. Wengi wetu tumezoea kulichukulia jambo hili kuwa ni tofauti ya lahaja, mfano wa tofauti nyingine nyingi zinazoipamba lugha yetu. Lakini mpaka unaopita baina ya skuli na shule haukuchorwa na wasemaji. Ulichorwa Ulaya mwaka 1890, pale Uingereza na Ujerumani zilipopatana kwamba Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza, bara libaki mikononi mwa Wajerumani, na kisiwa kidogo cha Helgoland, kilichoko Bahari ya Kaskazini, kikabidhiwe Ujerumani. Sisi tukaokota neno la Mwingereza, na ndugu zetu wa bara wakaokota Schule la Mjerumani. Hela nayo ni Heller, sarafu ndogo ya dola ile, ambayo kuanzia mwaka 1904 mia yake ilifanya rupia moja.

Hata jina la watu wenyewe limebeba historia. Wazee wetu walimwita Mdachi, kwa kuwa ndivyo walivyomsikia akijiita: Deutsch. Jina la Mjerumani tumelipokea kwa njia ya Waingereza, baadaye. Basi mtu akitamka Udachi, amemwita mwenye jina kwa jina lake. Na akitamka Ujerumani, amemwita kwa ulimi wa jirani yake.

Nimeyatafakari haya kwa sababu binti wa ndugu yangu amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, naye ameniomba, kwa adabu zake, nimwandikie kurasa chache za kumjulisha nchi ile na watu wake. Vitabu vya wasafiri vitamweleza mito, milima na baridi. Mimi nimeona ni bora nimpitishe kwanza Tabora.

Mgeni wa pwani afikapo Tabora hajihisi mgeni sana. Miembe ni ile ile, salamu ni zile zile, na huko Kwihara, katika tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, yumo mlango wa nakshi ambao ungeweza kuwa wa Malindi au Shangani. Si ajabu. Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita kiasi cha 1,200, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliukata kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani. Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, wakati mji ukijulikana kwa jina la Kaze, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga na kupanda. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, lakini baba yake alikuwa na maskani Tabora na aliowa katika ukoo wa watawala wa huko. Pembe za ndovu zilizopita hapo ziliitajirisha Unguja. Watu waliopita hapo wakiwa wamefungwa minyororo waliitajirisha pia, na hili nitalirudia.

Mwaka 1871 mambo mawili yalitokea, moja mbali na jingine. Ulaya, falme na miji mingi yenye lugha moja ilijiunga ikawa Dola ya Ujerumani. Unyanyembe, Mirambo wa Urambo aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, na njia ya misafara ikafungwa. Nani angedhani kwamba dola ile changa, katika muda usiofika miaka 20, ingekuja kuitaka njia ile ile? Mwaka 1890 Emin Pasha, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora, na Waarabu wa mji wakapatana naye. Isike, mtemi wa Unyanyembe, hakukubali. Mashambulizi ya mwaka 1892 yalishindwa kumtoa katika ngome yake. Januari 1893 akaja Tom von Prince, yule aliyepewa jina la Bwana Sakarani, na ngome ikavunjwa. Isike alipoona hana njia, aliitia moto ghala yake ya baruti akiwa ndani, ili asishikwe.

Hivyo ndivyo Mdachi alivyobisha hodi Tabora. Baada ya baruti ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpagazi aliyeimba miezi mitatu njiani akaona mzigo wake ukipita kwa siku chache. Nilipofika Tabora kwa gari moshi, niliteremka katika stesheni iliyojengwa zama zile, na nikakiri nafsini mwangu kwamba jengo ni zuri. Uzuri wake haumfufui Isike, wala kifo cha Isike hakilifanyi jengo kuwa baya.

Tabora pia ndiko hela ilikopata kisa chake cha ajabu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, manowari za Waingereza ziliziba bahari na sarafu zikakoma kuja kutoka Ulaya. Wajerumani wakaamua kujitengenezea wenyewe. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, walipiga hela za shaba, na kwa dhahabu ya Sekenke wakapiga sarafu kiasi cha 16,000 za thamani ya rupia 15, zenye tai wa dola upande mmoja na tembo upande wa pili. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Dola iliyopiga sarafu zile ikaanguka mwaka 1918, na sarafu zenyewe sasa ni mali ya wakusanyaji. Neno ndilo lililobaki. Muuza asali wa sokoni Tabora anapodai hela yake, hamkumbuki Kaisari hata kidogo. Neno limekuwa lake.

Sasa ni akina nani hasa watu hawa? Dola ya mwaka 1871 haipo tena. Baada ya Vita vya Pili nchi iligawanyika mara mbili, ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 9, 1989, na Oktoba 3, 1990 ikawa moja, yenye majimbo 16 na watu zaidi ya milioni 80. Sisi Wazanzibari tulizijua zote mbili: ile ya Mashariki ilijenga majumba ya Kikwajuni baada ya Mapinduzi ya 1964, na ile ya Magharibi iliingia majumbani mwetu kwa redio, Sauti ya Ujerumani, inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1963.

Lugha yao huunganisha maneno hata neno moja likajaza mstari, jambo lisilopaswa kumtisha mtu ambaye kitenzi chake kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Kila nomino huiandika kwa herufi kubwa, kana kwamba kila kitu ni mheshimiwa. Na kwa wapenzi wa ushairi kuna habari njema: Johann Wolfgang von Goethe, mkuu wa washairi wao, alipokwisha kuvuka miaka 60 alimsoma Hafidh wa Shiraz katika tafsiri, akamwona pacha wake, na mwaka 1819 akatoa diwani nzima aliyoiita ya Magharibi na Mashariki. Katika mji wa Weimar viko viti viwili vya mawe vinavyotazamana, ukumbusho wa washairi hao wawili. Nchi iliyopiga mizinga ndiyo nchi iliyomkalisha Hafidh kitini. Mwenye kutaka kuijua hana budi kuyashika yote mawili.

Wala binti yetu si wa kwanza kwenda. Sayyida Salme binti Said alitoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake. Alifariki Jena mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani yetu aliokuwa ameuhifadhi. Amur bin Nasur, Mzanzibari, alifundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890 na akaandika aliyoyaona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa 1903, naye alifundisha huko. Alipojaribu kurejea nyumbani na mkewe Mjerumani, serikali ya koloni haikumruhusu kushuka naye. Akafia Berlin mwaka 1927. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa kwanza Berlin kwa jitihada za Heinrich Brode.

Na yuko Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari na mwenyewe askari akiwa bado mtoto. Alikwenda Berlin mwaka 1929, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Utawala wa Hitler ulimtupa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo Novemba 1944. Tangu 2007 jina lake limo katika kibati cha shaba kilichozamishwa njiani mbele ya nyumba aliyokaa. Vibati kama hivyo viko maelfu kwa maelfu, kila kimoja kwa mtu mmoja aliyedhulumiwa. Mpita njia hulazimika kuinama ili asome.

Kuinama huko ndiko ninakokuona kuwa kwenye thamani kubwa kuliko yote katika Ujerumani ya leo. Haukuja upesi wala haujatimia. Songea ilisubiri hadi Novemba 1, 2023 ndipo Rais Frank-Walter Steinmeier alipofika mwenyewe kuomba radhi kwa yale ya Maji Maji.

Lakini tukimdai mwenzetu akumbuke, nasi tutadaiwa. Njia ya Tabora hadi Bagamoyo haikufunguliwa na Mdachi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Bara, amri ya Wajerumani ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, na utumwa haukufutwa kisheria hadi 1922, chini ya Waingereza. Waliopita njia ile wakiwa shingoni na minyororo walikuwa na majina. Chini ya miembe ya Tabora nilitafuta hata jina moja lililoandikwa, sikuliona. Mwenye nyumba za mawe Unguja ana haki ya kumuuliza Mjerumani juu ya Isike, mradi awe tayari kuulizwa juu ya hao.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti yetu ni huu. Ajifunze lugha yao barabara, apande magari yao, azoee mkate wao mweusi na Jumapili zao za maduka yaliyofungwa. Asiende kama mdai aliyebeba hasira, wala kama mwombaji aliyebeba shukrani. Katika maktaba za Berlin na Hamburg zimelala hati za Kiswahili, nyingine kwa herufi za Kiarabu, zilizoandikwa na mikono ya watu wa pwani hii. Wataalamu wa huko wamezitunza na kuzisoma. Azifungue naye, atafute humo majina ya wapagazi na ya waliofungwa minyororo, na kila atakaloliona aliandike na kutuletea, tulisome kwa sauti, skuli na shule.