Oili ya Giaboksi

Dereva wa pikapu ya Land Cruiser kule Marsabit aghalabu huifungua boneti alfajiri, akachomoa kijiti cha kupimia, akaridhika na oili ya injini. Giaboksi haipati salamu hiyo. Giaboksi ya gia za mkono haina kijiti. Sharti mtu alale chini ya gari, afungue bolti ya ubavuni na kutia kidole. Oili ikifika ukingoni mwa tundu, imetosha.

Nani basi ajilaze vumbini ilhali gari linakwenda? Oili hiyo haiungui kama dizeli. Ikipungua, imevuja, na meno ya gia husagana bila utando wa kuyatenga. Baya zaidi ni maji. Giaboksi iliyopata moto kwa mwendo mrefu ikizamishwa ghafla katika mto wa msimu, hewa iliyomo husinyaa, nayo maji yakafyonzwa kupitia kipumulio au sili iliyochakaa. Oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Fundi mzoefu huilegeza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Yaonekana kichekesho, lakini ya juu ikikataa kufunguka baada ya oili kumwagika, gari halitoki hapo. Kisha huitazama sumaku ya bolti ya chini. Ungaunga mweusi ni uchakavu wa kawaida. Kipande chenye ncha huenda ni jino la gia, na safari ya Loiyangalani, pamoja na abiria na mbuzi wao, haina budi kuahirishwa.