Mikono Iliyojua Jembe Kabla ya Fimbo

Shamba la bibi yangu lilikuwa na udongo wa aina mbili. Juu, karibu na yale mawe makubwa yaliyotapakaa wilayani kwetu Misungwi, kulikuwa na luseni, udongo mwepesi wa kichanga tuliopanda mihogo, karanga na pamba. Chini bondeni kulikuwa na mbuga, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na huko tulilima mpunga. Kila udongo ulitaka mkono wake. Kwenye luseni jembe lilizama bila ubishi, lakini chini ya mchanga mlijificha mawe. Kwenye mbuga, ukililazimisha jembe kwa pupa lilikwama, na uzito wote ukakurudia mabegani.

Bibi alikuwa mzee, na bado alituacha nyuma sisi vijana kwenye tuta. Alishika mpini kwa wepesi. Alipoinua jembe, vifundo vya mikono vilijikunja kuelekea upande wa dole gumba, chuma kikasimama juu ya bega. Wakati wa kushuka, mikono ilitangulia na chuma kikabaki nyuma. Vifundo vilifunguka mwishoni kabisa, jembe likiwa limebakiza kipande kidogo kufika ardhini, likaingia kwa uzito wake lenyewe. Sisi tulilisukuma jembe, yeye aliliachia.

"Usilikabe," alikuwa akiniambia. "Ukilikaba, siku likikutana na jiwe utaumia wewe."

Kulima kwetu kulikuwa na elimu nyuma yake. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho ndani ya wilaya yetu, kimeshughulika na pamba tangu miaka ya 1930, na herufi UK kwenye majina ya mbegu kama UK 91 zimetokana na jina la mahali hapo. Ukiriguru ndiko kulikofanyiwa majaribio ya matuta yanayofungwa kwa vizuizi vya udongo ili maji ya mvua yasikimbie. Kuinua matuta ya namna hiyo kwa jembe la mkono ni kurudia mwendo mmoja tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Mwendo huo huingia mwilini ukakaa humo, hata mwenye mwili akihama.

Mimi nilihama. Gofu nilikutana nayo Dar es Salaam, nilikokwenda kutafuta maisha. Rafiki mmoja alinipeleka Lugalo, kwenye klabu ya gofu ya Jeshi la Wananchi, nikapewa fimbo ya chuma namba 7 na mipira ya kufanyia mazoezi. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi uzito wa gramu 45.93, na kipenyo chake hakipaswi kupungua milimita 42.67. Kwa mtu aliyekulia kwenye matuta, kitu kidogo namna hiyo, kilichotulia chini bila kukwepa, kilionekana hakina cha kubishana na mabega yangu.

Mpira uliondoka kwa kishindo, ukaenda mbele kidogo, kisha ukakunja kulia na kuanguka mbali na bendera. Ukawa unafanya hivyo kila nilipouongezea nguvu. Mikono yangu ilikuwa imekakamaa tangu begani hadi vidoleni. Nilipoanza tu kushusha fimbo, vifundo vilifunguka palepale juu, kichwa cha fimbo kikawahi mbele, na kasi yote ikaishia hewani kabla ya kuufikia mpira. Kilichofika kwenye mpira kilikuwa mabaki ya kasi, na uso wa fimbo ulikuwa umefunguka kulia.

Aliyeanza kunibadilisha alikuwa mzee mmoja aliyeuingia mchezo huu kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine, akajifunza kwa macho miaka mingi kabla ya kupata fimbo zake. Alinitazama kimya, kisha akasema, "Msukuma, nguvu unayo. Tatizo inafika kabla ya mpira."

Akanipa zoezi dogo. Nishike fimbo kwa nguvu ya kutosha tu isidondoke. Niinue mpaka mkono wa kushoto uwe usawa wa kifua, nivikunje vifundo kuelekea dole gumba mpaka fimbo isimame wima, kisha nishuke polepole nikiilinda ile pembe kati ya mkono na fimbo, nisiifungue mpaka mikono ifike mbele ya paja la kulia. Alinirudishia zoezi hilo kila nilipokwenda. Mpira haukuwekwa chini kwa muda mrefu.

Na ilikuwa katika kurudia huko, bila mpira, ndipo mwili wangu ulipoutambua mwendo huo. Mikono kutangulia, chuma kubaki nyuma, vifundo kufunguka mwishoni: nilikuwa nimeuona maelfu ya mara, kwenye luseni na kwenye mbuga, katika mikono ya bibi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuacha nyumbani, nikaja mjini na mabega peke yake.

Baadaye nilisoma jinsi wanasayansi walivyoeleza jambo hilohilo. Mwaka 1968 Alastair Cochran na John Stobbs walichapisha Uingereza kitabu cha utafiti kuhusu mzunguko wa fimbo ya gofu. Waliuchora mzunguko huo kama vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba: kipande cha kwanza ni mkono, cha pili ni fimbo, na bawaba ni kifundo cha mkono. Pembe ikihifadhiwa, uzito wa fimbo unabaki karibu na mwili, na mwili unazunguka kwa urahisi zaidi. Mikono ikikaribia chini, fimbo inavutwa nje na mzunguko wenyewe, bawaba inafunguka, na mwendo uliokuwa mikononi unahamia kwenye kichwa cha fimbo. Mikono inapungua kasi, chuma kinaongeza. Mpira na fimbo hugusana kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo hakuna msuli wowote unaoweza kurekebisha chochote. Kila kitu kinatakiwa kiwe tayari kimeshafika mahali pake.

Mabadiliko hayo ya kwanza yalinipa umbali. Fimbo ileile namba 7 ikaanza kuupeleka mpira mbele zaidi kwa jasho dogo zaidi, na nyasi zikawa zinakatika mbele ya mahali mpira ulipokuwa, si nyuma yake. Hiyo ndiyo alama ya kwamba mikono imetangulia. Anayeanza hudhani lazima auinue mpira kwa kuuchota. Hapana: ulalo wa uso wa fimbo ndio unaouinua. Mkono unashuka, mpira unapanda.

Lakini bado ulikunja kulia. Jibu la hilo sikulipata Lugalo. Nilikuja nalo kutoka Misungwi.

Nilikuwa likizo, baada ya mavuno. Mashamba ya pamba yalikuwa matupu, kwa maana sheria ya kilimo cha pamba inamtaka mkulima ang'oe miti yote na kuichoma ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Kwangu ulikuwa uwanja wa mazoezi usio na mfano. Asubuhi nilitoka na fimbo moja na mipira michache, nikapiga kuelekea kwenye kichuguu upande wa pili, watoto wa ukoo wakikimbia kuokota.

Baba mkubwa alikuja kutazama. Huyu alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma iliyotoka kwenye vikundi vya kulima kwa pamoja, watu wakifuata mdundo ili jembe lisiwe zito. Wakati wa mashindano ya ngoma baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinapogombea watazamaji, wachezaji hulizungusha jembe mkononi, hulirusha juu na kulidaka, na chuma hakimgusi mtu. Alinitazama nikipiga mpira mmoja, miwili, kisha akaniuliza kwa nini kigasha changu kinalala.

Sikumwelewa. Akaenda ndani akatoka na jembe la ngoma, jepesi, mpini wake umelainishwa na viganja vya miaka mingi. Akalishika kwa mkono wa kushoto peke yake, kiwiko karibu na mbavu, na kulizungusha. Bega halikutikisika. Kigasha ndicho kilichojipindua: mgongo wa kiganja ukatazama juu, ukatazama mbele, ukatazama chini, na uso wa jembe ukafuata kila mgeuko bila kuchelewa. "Unalima nacho tu," akasema. "Hukigeuzi."

Hapo nikaona kile ambacho jembe la shambani haliwezi kukufundisha. Jembe la kulimia linapanda na kushuka. Halina haja ya kugeuza uso, kwa kuwa ardhi inalipokea kwa namna moja siku zote. Fimbo ya gofu inazunguka mwili. Ikienda nyuma, kigasha kinageuka na uso wa fimbo unafunguka. Ikirudi, kigasha kinapaswa kuugeuza uso huo tena, ili wakati wa kugonga mgongo wa kiganja cha kushoto utazame kule mpira unakotakiwa kwenda. Mimi nilirudisha mikono na kusahau kukirudisha kigasha. Uso ulibaki wazi, na mpira ukatii uso.

Ben Hogan, Mmarekani aliyeshinda mashindano makubwa tisa, alieleza jambo hili kwa uangalifu katika kitabu chake cha mwaka 1957. Alitaka kifundo cha kushoto kitokeze kidogo kuelekea shabaha wakati wa kugonga, mgongo wa kiganja ukiwa umeshaanza kugeuka. Yeye alisumbuliwa na ugonjwa ulio kinyume na wangu, mpira uliomkunjia kushoto, na akatumia miaka kutafuta kiasi sahihi cha mgeuko. Kwa hiyo kigasha kisipogeuka ni hasara, na kikigeuka kupita kiasi ni hasara pia. Wacheza bugobogobo wanakijua kiasi hicho kwa sababu anayekosea chuma kinamrudia usoni.

Likizo iliyobaki niliimaliza nikizungusha lile jembe la ngoma kwa mkono mmoja, kisha fimbo kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Baba mkubwa alisimamia. Kabla sijarudi Dar es Salaam mpira ulikuwa ukiondoka moja kwa moja, na mara nyingine ukikunja kidogo kushoto na kutulia. Mzee wa Lugalo alipouona aliuliza nimefundishwa na nani. Nikamweleza. Alicheka kwa furaha, akaomba nimwonyeshe ule mzunguko, akaujaribu mwenyewe.

Mabadiliko ya tatu yalikuwa ya kunyamazisha. Karibu na shimo, kifundo kinachocheza ni adui. Mpira wa kusukuma kwenye majani mafupi ya grini huendeshwa na mabega, vifundo vikiwa vimetulia, na ule wa kurushwa kwa ufupi kutoka pembeni unataka kifundo kidogo tu. Nalo hili nililikuta shambani, katika palizi. Unapopalilia pamba changa huinui jembe hadi begani. Unaparua juujuu kwa mwendo mfupi, mikono na mpini vikienda pamoja, kwa sababu mche uko karibu na chuma kikiyumba utaukata. Mkulima mmoja hulima asubuhi na kupalilia jioni, akijua bila kufikiri ni wakati gani kifundo kifanye kazi na wakati gani kipumzike. Kwa mchezaji wa gofu, kujua huko ni nusu ya mchezo.

Sasa ninaporudi Misungwi naiona wilaya ikifunguka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na watu hawangoji tena kivuko kuelekea Sengerema na Geita. Mambo mengi yatapita juu ya daraja hilo, na ningependa michezo iwemo. Gofu ya Tanzania imekwishaonyesha kwamba si mali ya wachache: Madina Iddi, Hawa Wanyeche na Neema Olomi wamelibeba jina la taifa katika mashindano ya wanawake, na tangu 2024 mashindano ya Lina PG Tour, yanayomuenzi marehemu Lina Nkya, yanawakutanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kutoka viwanja mbalimbali nchini. Kinachokosekana kwa mtoto wa Misungwi ni fimbo, uwanja uliofyekwa na mtu wa kumwonyesha. Mikono anayo.

Wapwa zangu nawafundisha kwa mpangilio ulionijia mimi kwa kuzunguka. Kwanza tunalima tuta fupi, bila kulikaba jembe, mikono itangulie. Pili tunazungusha jembe la ngoma kwa mkono wa kushoto mpaka kigasha kigeuke bila bega kuingilia. Tatu tunapalilia, vifundo vimetulia. Fimbo inakuja baada ya hapo, na mpira mwisho kabisa. Binti mdogo kuliko wote alipopiga mpira wake wa kwanza uliruka ukaenda moja kwa moja, kwa sababu hakuna kitu kipya alichoombwa kufanya. Mwalimu yeyote wa michezo atakayekuja huku na fimbo zake namwomba aanze kwa kuwauliza watoto nani amelima leo, kisha afundishe kuanzia kwenye jibu lao.