Susu ya Mama

Mdogo wangu aishiye Muscat alitaka kutuletea kabati la jikoni lenye mota: ubonyezapo kitufe, rafu hushuka hadi usawa wa kifua, kisha hupanda tena. Nilimcheka, nami nilikosea. Bega la kulia la mama haliinuki tangu mwaka juzi, alipoanguka kutoka juu ya kigoda akitungua susu yake ya dagaa wakavu. Darasani nafundisha kwa wepesi kwamba kitenzi *tungika* hutenduliwa kuwa *tungua*. Jikoni kwa mama, kule kutendua ndiko kulikomuumiza.

Kwa nini basi asiweke chakula chini? Kuna panya. Tena, maji ya Tanganyika yalipofurika mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za Rumonge zilizo karibu na ufuko, kilichokuwa juu ndicho kilichosalia kikavu.

Lakini mota hutaka umeme usiokatika na ukuta imara. Wetu ni wa matofali mabichi. Mama aliuliza swali moja tu: “Umeme ukizimika, mwanangu, kitoweo changu kitakaa huko juu hadi lini?”

Tukanunua kamba ya wavuvi na makapi mawili, kama yale yainuayo tanga. Moja limefungwa kwenye boriti. La pili husafiri pamoja na susu, hivyo mkono hubeba takriban nusu ya uzito. Jana nilimkuta akiishusha kwa mkono wa kushoto. Kigoda kilikuwa uani, kimekaliwa na jirani.